Ada

Bomba la moto lilianza kudondosha Septemba.
Tone. Kimya. Tone. Nami kitandani nahesabu
kama mlinzi ahesabuye magari ya watu.
Haba na haba, likajaza kibaba
cha kampuni ya maji. Bili ikaja imevimba.

Fundi aliinama, akapiga mluzi,
akataja pauni mia tatu na hamsini, vigae mbali.
Mwanakheri akanitazama. Nikasema, "Nitafanya mwenyewe."
Maneno mawili hayo yamebomoa nyumba nyingi,
hapa Hull na kwingineko.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi ufa niliuziba, na ukuta nikaujenga vilevile:
nyuma ya kigae plasta ilikuwa uji,
nyuma ya plasta mbao zilizolewa maji kabla sijazaliwa.
Jumamosi moja ikawa miezi mitatu.
Tukaoga kwa ndoo, wima ndani ya hodhi la kijani,
Mwanakheri akicheka: "Kuvuka bahari yote ile
tuje kuogea kata!"

Hodhi lenyewe ni la chuma, zito kama deni.
Lina mabomba mawili yasiyosalimiana:
la kushoto linaunguza, la kulia linagandisha,
anayetaka uvuguvugu autafute kwa viganja vyake.

Nilifunga koki kuu chini ya sinki la jikoni.
Nilidhani nimefunga.
Nikazungusha spana robo, nikazungusha nusu,
shingo ya bomba ikalia kama kuku aliyekamatwa,
maji yakasimama wima hadi darini.
Nikakinga kwa kiganja, kwa taulo, kwa kifua,
nikimwita Mwanakheri, nikimwita Mola.
Aliyekuja ni Gareth wa namba kumi na tisa,
na pajama zake, na chuma kirefu cha meno mawili.
Akafunua kifuniko kando ya barabara,
akapiga magoti kwenye baridi, akazungusha.
Mtaa mzima ukanyamaza masikioni mwangu.
"Koki yako ya ndani ilikufa zamani," akasema.
"Hata Ada alijua."

Kumbe ugomvi wote ule ni wa washa,
duara la mpira, pana kama kifungo cha koti, limeliwa upande.
Peni sitini dukani.
Washa: ndiyo iliyoniwasha tangu Septemba.

Likabaki tundu la kutolea maji,
lililokuwa likimeza kwa taabu, kama koo lenye donda.
Nikafungua skrubu, nikang'oa kichujio,
nikatumbukiza waya niliokunja ndoano.
Kilichotoka kwanza ni chetu:
nyuzi za rasta za Ilhamu, nyeusi na zambarau,
alizosukwa wiki ile ya kwenda chuo, Dundee.
Kisha sabuni iliyogeuka jibini.
Kisha, chini kabisa, nywele nyeupe, ndefu,
zimejisokota na zile za mwanangu
msokoto mmoja, haufumuki.

Bi Ada Thirkettle. Miaka hamsini na miwili humu ndani.
Nyumba tuliuziwa na mpwa wake
asiyetaka hata mapazia.
Ada. Kwetu neno hilo ni malipo,
na ni desturi pia.

Nikasimama uani, gazeti mkononi,
mbele ya mapipa matatu ya manispaa:
jeusi la taka, la buluu la karatasi, la kahawia la majani.
Hakuna lililoandikwa nywele za marehemu.
Bibi yangu hakuuacha unywele wake ulale wazi
hata usiku mmoja; aliufukia, na ukiuliza kwa nini
alikutuma dukani.

Nikachukua mwiko uleule wa plasta,
nikachimba chini ya mwaridi wake Ada,
udongo mgumu kama biskuti.
Gareth akachungulia juu ya ukuta:
"Unapanda nini Desemba?"
Nikakitafuta Kiingereza chake, sikukipata.
"Bafu," nikasema.
Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyeelewa.

Jumanne, bomba la baridi likaanza.